Vipimo vya Sidonie

Tik-tik-tik. Gizani, kabla ya kengele ya misa ya kwanza, Nabintu alisikia pedali ya mashini nyuma ya pazia. Fortunat, fundi cherehani, baba wa mtoto wake Exaucée, alikuwa akishona tena nguo asiyotaka ionekane.

Fortunat alipotoka kwenda kazini, Nabintu alifungua daftari lake la vipimo. *Sidonie: kifua 140, hanshi 160.* Mia moja sitini za nyonga! Alijipapasa kiuno chake chembamba, wivu ukampanda kooni kama kiungulia.

"Sidonie ni nani?" alimpigia simu Fortunat.

"Klienti, sheri wangu. Kazi ya watoto. Utaona."

"Klienti wa kushonewa gizani?"

"Nabintu wangu, usinune..."

Akamkatia. Alivaa kikwembe chake cha bluu, kile cha sikukuu, akafunga valizi ya nguo, akamshika mtoto mkono. Mashua ya Bukavu, kwa baba yake, ingeondoka mchana. Lakini ufunguo wa nyumba alitaka kumrudishia Fortunat mkononi, mbele ya huyo Sidonie.

Jirani alimwelekeza uwanja wa Mabanga. Uwanja ulifurika watoto waliokuja kwa mashindano ya mtaa. Katikati walicheza maskoti watatu wa Kombe la Dunia, watu ndani ya mavazi ya wanyama: mnyama wa Kanada mwenye pembe pana, chui wa Meksiko, na tai wa Amerika. Chui alimtingishia tai hanshi, hanshi za kutisha.

"Sidonie iko wapi?" Nabintu alimuuliza mama wa maandazi.

"Si ule chui! Anacheza na Fortunat."

Nabintu hakungoja. Alidaka mkia, akavuta. Mshono ukaachia, sponji zikamwagika. Chui akavua kichwa. Akatokea binti mwembamba kama ufito, jasho tele.

"Mama Exaucée, pole pole! Hizi hanshi si zangu, ni za bwana yako!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sauti ya Fortunat ikatoka ndani ya tai.

"Nilikuficha sababu ya Exaucée. Hajui kufunga kinywa. Nilitaka ashangae."

"Na mimi nishangae na valizi mkononi?"

"Bukavu tutaenda watatu. Nataka kumuona papa yako, niseme maneno ya mahari."

"Kwa papa na mabawa hayo?" Nabintu alikuwa bado amekaza uso. "Toa kichwa nikuone."

"Nilikishonea shingoni. Hakitoki."

Exaucée alipanda juu ya valizi, akachungulia ndani ya mdomo wa tai.

"Mama, papa analia."