Siku Tatu Bila Moto

Mashine iitwayo Mfagiaji ilinyoosha mikono yake sita juu ya bati, ikaanza kuikunja nyumba kama mtu anayekunja mkeka. Vumbi halikutimka, wala sauti haikusikika. Matofali yaliingia tumboni mwake yakatoka unga, na baada ya dakika kumi na moja kiwanja kilikuwa cheupe, tayari kwa maabara nyingine ya Mlongeni.

Kwenye ghorofa ya tisa ya maabara ya jirani, Mhandisi Zawena Mkude alitazama kazi hiyo kwenye kioo cha kompyuta, akatabasamu. Zamani Mlongeni ilikuwa kitongoji cha mihogo pembeni mwa chuo kikuu. Sasa ulikuwa mji wa utafiti, na Zawena ndiye mzaliwa pekee wa hapo aliyepata kazi ndani yake. Wakubwa walipouliza mashine itajuaje kama nyumba imehamwa, alijibu upesi, tena kwa majivuno: "Mtu wa kwetu hakosi kuwasha jiko." Mfagiaji ikafungwa kinusamoshi. Siku tatu bila moto, nyumba ni mahame.

Ndipo akaiona namba ya nyumba pembeni mwa kioo. Kumi na nne. Nyumba ya shangazi yake, Bi Mwanahawa, aliyekataa katakata kuhama. Mumewe alikuwa amezikwa siku tatu zilizopita na watu wanne kutoka msikiti wa mbali. Zawena hakwenda, alikuwa na majaribio.

Alishuka ngazi mbio, viatu mkononi, akimwomba Mungu shangazi awe hakuwamo ndani.

Hakuwamo. Shangazi alikuwa amekaa mwisho wa kichochoro, kando ya barabara, kanga kichwani, nyumba ameipa mgongo.

"Shangazi! Kwa nini hukuwasha moto?"

"Makubwa! Tangu lini nyumba ya msiba ikapika?" Bi Mwanahawa alimshangaa. "Majirani ndio wanaoleta chakula. Nimewangoja juzi, nimewangoja jana. Leo nikasema nitoke niwaangalie, labda wamepotea. Siku hizi hapa pote pamefanana."

Majirani walikwishahamishwa wote, na Zawena ndiye aliyepanga zamu za nyumba zao. Alitamani ardhi immeze. Kidude cha mkononi kikawaka: Namba kumi na nne imeondolewa. Kosa: hakuna.

"Na wewe umeleta nini?" shangazi akauliza.

Zawena alikuwa na viatu vyake tu.

"Haidhuru, mwanangu. Maadamu umekuja." Bi Mwanahawa akamshika bega, akajiinua polepole. "Twende ndani tukakae."

Akaanza kugeuka.