Antena Sita za Kijiti

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Kijiti alifanya kazi zake za shule mezani huku cherehani ya mama yake ikinguruma pembeni. Jina hilo alipewa na binamu yake kwa sababu ya wembamba, na wala halikumuudhi. Aliyemuudhi ni binamu mwenyewe, Bingwa, mtoto wa mjomba, aliyeishi ghorofa ya juu ya nyumba hiyohiyo. Kwa maoni ya Kijiti, Bingwa alipata kila kitu kwanza: baiskeli kwanza, simu kwanza, hata meno ya ukubwani kwanza.

Sasa kampuni ya intaneti ilitangaza kuwa Jumamosi spidi ingeongezwa mtaa mzima. Kama kawaida, watu wa juu walikuwa wameshajiandaa.

"Njoo uone modemu yetu mpya!" Bingwa alimwita kutoka ngazini. "Ina antena nne! Hiyo yenu ya kizee itazimika."

Kijiti akapanda, akaiona, akasema, "Kumbe ndogo hivyo," kisha akashuka roho ikimuuma.

Mama naye aliisubiri Jumamosi kwa hamu, ila kwa sababu yake. Alikuwa amepata wanafunzi wake wa kwanza, akina mama waliotaka kujifunza ushonaji kwa video, na somo la kwanza lilikuwa siku hiyo. Kwa hiyo alimwita fundi wa mtandao, ambaye aliigeuzageuza modemu yao, kifaa cha kupokea intaneti kutoka kwenye waya wa ukutani, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haitaipokea spidi mpya. Nunueni modemu ndogo tu ya aina inayokubaliwa na kampuni, maana nyumba yenu si kubwa. Antena nyingi za nini? Muhimu iwe na tundu la kuskrubia huu waya wa ukutani."

"Umesikia, mwanangu?" mama aliuliza. "Nenda dukani na baba yako. Mimi na hizi nguo za watu sitoki."

Kijiti alisikia vizuri sana. Lakini walipofika dukani, macho yake yalinasa kwenye dude jeusi lenye antena sita.

"Fundi alisema ipi?" baba aliuliza. Yeye kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi, na siku fundi alipokuja alikuwa kazini.

"Ile pale," Kijiti akasema bila kupepesa macho. "Kubwa."

"Hii ni ruta," mwenye duka alieleza. "Kazi yake ni kugawa intaneti ndani ya nyumba. Modemu mnayo?"

"Tunayo!" Kijiti akadakia kabla baba hajafungua mdomo. Hakusema kwamba hiyo waliyonayo ilikuwa mahututi.

Nyumbani aliizungusha ruta pande zote akitafuta tundu la kuskrubia waya. Halikuwepo. Angeweza kusema ukweli hapohapo, maana duka lilikuwa bado wazi. Badala yake aliiunganisha na modemu ya zamani, akaiweka kwenye dirisha la ngazini, antena zote juu. Bingwa alipopita alizihesabu kwa macho, akapanda ngazi haraka. Kijiti aliona raha siku nzima.

Jumamosi mama alivaa gauni lake zuri, akapanga mkasi, chaki na vitambaa. Saa ya somo ilipokaribia, kampuni ikaongeza spidi, na taa ya modemu ya zamani ikazimika. Ruta iliwaka vizuri tu, ila haikuwa na cha kugawa.

"Kijiti, kuna nini? Wanafunzi wangu wananisubiri!" Mama alikuwa ameshika mkasi, vitambaa vyake vimepangwa mezani.

Kijiti alitaka kusema kampuni ndiyo imeharibu. Alipoviona vitambaa vile, akashindwa.

"Mama, nilidanganya. Fundi hakusema tununue hii. Niliitaka kwa sababu ya Bingwa."

Mama akaweka mkasi mezani. "Panda juu ukamwombe nafasi ya kufundishia kwao."

"Mimi?"

"Wewe."

Kijiti alipanda zile ngazi akiona aibu kuliko siku zote. Bingwa akafungua mlango.

"Intaneti yetu imezimika," Kijiti alisema. "Nilichagua vibaya makusudi, nikushinde. Mama anaomba afundishie hapa kwenu."

Bingwa akavaa viatu palepale. "Mwambie shangazi aje. Ngoja tubebe cherehani." Wakaibeba wawili, na somo likaanza kwa kuchelewa kidogo.

Jumatatu Kijiti alirudi dukani na baba, akamweleza mwenye duka ukweli. Mwenye duka akakubali kuwabadilishia, wakapata modemu ndogo, na fundi akaja kuiskrubu.

"Unajua kosa lako lilianzia wapi?" mama alimuuliza Kijiti baada ya fundi kuondoka.

"Niliposema uongo, mama."

"Uongo ulikuja baadaye. Lilianza ulipomwonea mwenzako wivu, ukasahau shida yetu. Pale dukani hukumchagulia mama yako modemu. Ulichagua kitu cha kumuumiza Bingwa, na Bingwa huyohuyo ndiye aliyeiokoa kazi yangu."

Machozi yakamlengalenga Kijiti. "Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe," mama akasema, akakanyaga cherehani. "Lakini bado hujamwambia binamu yako asante."