Koti la Buluu la Mzee Pyo

Ndugu zangu wazazi, nawaletea habari ya Okju. Msiharakishe kumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe kila nikiisimulia najikuta nimetazama chini.

Jumamosi moja ya baridi, maghorofa anakoishi na familia yake, mjini Suwon, yalikuwa yametulia. Theluji ilikwisha kufagiliwa na kajua kametoka. Ilikuwa siku ya kutenga taka, na Mzee Maeng, mlinzi wa jengo, alikuwa amechuchumaa kati ya magunia akichambua, chupa huku, karatasi kule. Okju akashuka na binti yake Sebi, mwenye miaka kumi, wamebeba mifuko yao.

"Habari za asubuhi, Mama Sebi," mzee akasema huku akiinama. "Naona bibie anazidi kurefuka."

Okju hakuitikia. Alimvuta mtoto kando, wala si mbali, akamwambia, "Unamwona yule? Wewe fanya mchezo na masomo, utaishia pale pale."

Sebi akamtazama mzee kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akamwendea, akaubwaga mfuko miguuni pa mzee, makopo na makombo ya chakula vyote pamoja. "Haya, chambua. Si hukusoma?"

Majirani waligeuka. Hapo, ndugu zangu, ndipo mama angemshika mtoto mkono na kumwombesha radhi. Okju alicheka! "Watoto wa siku hizi, mdomo huo!" akasema, akaelekea kwenye lifti. Mzee Maeng aliokota makopo moja moja.

Wiki mbili baadaye ukaingia Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, sikukuu ambayo kule watu hurudi kwa wazee wao. Mume wa Okju alikuwa kazini ng'ambo, kwa hiyo mama na binti walisafiri wawili tu mpaka Gunsan kwa babake Okju, Mzee Pyo. Alikuwa karani mstaafu wa serikali, mjane, mtu wa kunyoosha kola kabla ya kupokea simu. Kwa miaka miwili sasa alikuwa akimwambia binti yake kwamba hashindi nyumbani, anapanda milima na wastaafu wenzake. Okju alijisifia hilo kwa mashoga zake.

Asubuhi ya sikukuu, supu ya vipande vya mkate wa mchele, chakula cha siku hiyo, ilikuwa mezani inafuka moshi. Mzee alikwisha kukaa sakafuni juu ya mto, akingoja mjukuu apige magoti na kuinamisha kichwa hadi chini, kama ilivyo ada, naye ampe maneno ya heri ya mwaka. Sebi alitumwa kabatini kuleta mto mwingine. Alirudi na koti la buluu. Kifuani lilikuwa limeshonwa jina la maghorofa fulani ya pale mjini.

"Babu, hili si koti la walinzi? Kama la yule mzee wa taka?"

Mzee Pyo alinyoosha kola yake. "Ndiyo, mjukuu wangu. Ni langu. Leo nina zamu saa nne."

"Baba!" Okju akasema. "Na milima je?"

"Hakuna milima, Okju."

Okju akajaribu kuyafunika mambo kwa haraka. "Sebi, weka hilo koti, mwinamie babu yako."

Sebi hakusogea. "Mama si ulisema wanaofanya kazi hii ni wale wasiosoma? Kwa nini nimpigie magoti?"

Okju aliinua mkono ampige kofi. Baba yake akamzuia.

"Mwache. Hajasema lake." Akamgeukia Okju. "Unajua kwa nini nilikuficha? Nilijua utasema nini. Nilikufundisha mwenyewe. Ulikuwa na miaka saba, nikakuonyesha mfagiaji wa barabara, nikakuambia maneno hayo hayo. Nilijiona baba mwenye busara."

Kisha akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akatoka. Hakugusa supu. Okju alibaki ameketi, uso unamwaka kwa aibu, asiweze kumtazama mtoto wake. Aliogopa jambo moja tu: kwamba baba yake asingempokea tena nyumbani kwake, na kwamba angekuwa na haki.

Supu ilipopoa, akamvika Sebi koti lake, wakamfuata mzee mpaka kwenye maghorofa yenye jina lile.

Walimkuta kwenye maegesho, anasukuma kwa bega gari lililoachwa bila breki na kuziba jingine. Mwanamke kijana alisimama pembeni akibonyeza simu. "Wewe mzee, harakisha basi! Au unalipwa kwa kulala?"

"Samahani sana, mama. Sasa hivi," akajibu Mzee Pyo, akainama mara mbili.

Na Okju alifanya nini? Natamani nisiseme. Alijificha nyuma ya nguzo, asije akajulikana kuwa ni bintiye.

"Mama," Sebi akauliza, "mbona tunajificha?"

Mzee Pyo aliisikia sauti ile. Aliwaona. Akageuka polepole, akawapa mgongo, akajifanya anafuta kioo cha gari, ili binti yake apate nafasi ya kuondoka bila kuaibika.

Mgongo ule ndio uliomvunja Okju. Alitoka nyuma ya nguzo mpaka katikati ya maegesho, mbele ya yule mwanamke, akapiga magoti na kuinamisha paji la uso mpaka kwenye lami. "Heri ya Mwaka Mpya, baba. Nisamehe."

"Inuka, mwanangu," mzee akasema, akimpa mkono. "Chini kuna baridi."

Sebi alisimama kando akitazama. Hakuinama.

FUNZO

Mzazi, usijidanganye kwamba mtoto anafunzwa heshima kwa kuambiwa "inama". Anajifunza kwa kukuangalia unavyoongea na mfagiaji, mlinzi na mpika chakula, hasa pale unapodhani hakusikilizi. Okju alifundisha dharau kwa miaka kumi, naye sasa ana kazi ya kuifuta, na haitaisha kwa siku moja. Aanzie Suwon, kwa Mzee Maeng, ambaye mpaka leo hajaombwa radhi. Nasi tuanze, kila mmoja kwa yule aliyetusalimu asubuhi ya leo, nasi tukampita kimya.