Turbo Juu ya Meza

Rafiki yangu Mujuni, injinia mwenye degree anayelipwa kama kibarua, what a country, alikwenda na mjane Mackrine kuchukua ovaroli ya mumewe, marehemu Dastan, kwenye mashine ya kukoboa kahawa walikofanya kazi wote wawili, huko Bugene. Mackrine alibaki nje analia.

Mujuni alikuwa na siri. Bosi wao alipobania dizeli, Mujuni ndiye aliyezima injini ghafla kila jioni, bila kuiacha ingurume taratibu ili turbo, feni yake ya kusukuma hewa, ipoe. Turbo ilipopasuka, kipande chake kikamuua Dastan.

Tangu mazishi injini haijawashwa. Turbo imeng'olewa, iko mezani. Mujuni alipoingia peke yake gizani, akausikia mluzi wa turbo ukishuka polepole, kama injini imezimwa sasa hivi.

"Dastan, nisamehe, waitu, ndugu yangu."

"Unaongea na nani, shemeji?" Mackrine akauliza kutoka nje.

"Na chuma tu."

Akaigusa. Ilikuwa ya moto; ngozi ya kiganja ikabaki imenata juu ya turbo.