Mahudhurio ya Chumba cha Upasuaji

YAH: KUTOITIKA JINA WAKATI WA MAFUNZO YA UPASUAJI KWA NJIA YA SETILAITI

Ndicho kichwa cha barua aliyoandikiwa Mwamvua, muuguzi wa usingizi katika hospitali ya misheni karibu na Titye, mwaka 1999. Nakala tatu, na mhuri. Kosa lenyewe: daktari bingwa aliyefundisha kutoka Dar es Salaam kwa dishi la setilaiti aliita majina kabla picha haijatulia, naye Mwamvua haitiki mpaka aone sura kwenye runinga.

"Bibi yangu wa Ujiji alinikataza," alijieleza. "Sauti ambayo mwenyewe humwoni, huiitikii."

Felisiani, katibu wa hospitali, aliandika pembeni: Maelezo hayajitoshelezi.

Jumanne iliyofuata, saa tisa mchana, Niyonsaba, mama mjamzito, alikuwa mezani, kachomwa ganzi ya mgongo, macho wazi, mtoto kakaa vibaya tumboni. Tabibu Ildefonsi hakuwahi kumpasua mzazi bila bingwa kumwelekeza. Alipokwisha kukata, radi ikapiga, picha ikazimika. Spika ikabaki inasikika, na chumba kilichonuka spiriti kikaanza kunuka udi.

"Ildefonsi," ikaita sauti ileile ya bingwa.

"Nipo, Dokta."

"Endelea."

Saady, fundi wa dishi, akagonga dirisha, kalowa chapachapa. "Mnaongea na nani humo? Waya umekatika, ninao mkononi!"

Ildefonsi akataka kurudi nyuma, miguu ikakataa. "Dada Mwamvua," akanong'ona, "siwezi kutoka."

"Mama yuko wazi, kaka. Maliza kwanza."

Mikono ya Ildefonsi ikaenda upesi kuliko alivyowahi kujifunza, ikamtoa mtoto wa kike akilia, ikashona, na kila sindano ilipopita sauti ilisogea, kutoka kwenye spika hadi ukutani, kutoka ukutani hadi chini ya meza, mpaka ikawa inapumua udi sikioni mwa Niyonsaba na kuuliza, kwa upole wa karani, "Na mgonjwa anaitwa nani?"

Niyonsaba akafumbua midomo. Mwamvua akamziba kwa kiganja. "Ceceka, mama," akamwambia, kwa Kiha chake cha sokoni. "Nyamaza kabisa."

"Mwamvua?" ikaita.

Mwamvua akaitazama runinga: giza, hamna sura. Hakuitika.

"Mwamvua, itika."

Akaivuta machela.

Taarifa ya Felisiani inasema mafunzo yaliahirishwa kutokana na hali ya hewa, na kwamba Ildefonsi ameandikiwa barua kwa kutosaini daftari la kutoka kazini.

Kilichotokea ni kwamba Niyonsaba na mwanawe walitolewa wazima, Mwamvua akiwasukuma, na Ildefonsi akashindwa kuvuka kizingiti cha mlango uliokuwa wazi. Wiki tatu alipelekewa ugali pale pale. Wiki ya nne chumba kilikutwa kitupu, na spika ilipoliita jina la Ildefonsi, sauti yake iliitika kutoka humo humo ndani ya spika.