Kochi Lisilo na Jina

Simu ya Fundi ilitetemeka mfukoni wakati wageni ndio kwanza wanavua viatu mlangoni.

"Hilo kochi umelitoa wapi?"

Akasoma, akatabasamu. Alidhani anasifiwa. Wanaume bwana! Akajibu chapuchapu kwa kidole kimoja:

"Zuri eeh? Nimeliazima kazini. Kesho asubuhi linarudi, mwenyewe wala hatajua."

Jibu likaingia kabla hajairudisha simu mfukoni.

"Mwenyewe huyo hapo anavua viatu."

Fundi akainua macho. Wageni walikuwa watatu. Mbele alisimama Baba, mwenye duka kubwa la samani la barabara kuu. Nyuma yake alikuwa binti yake, ambaye Fundi alimwita Dirisha, simu mkononi na uso umemshuka. Na pale kizingitini, akihangaika na kamba ya kiatu cha kushoto, alikuwa Shangazi, dada wa Baba, mama mtu mzima mwenye magoti mabovu na ulimi mzima kabisa.

Fundi akaichomeka simu mfukoni upesi.

Ngoja niwaeleze alijiingizaje kwenye balaa hili. Duka la Baba lina sehemu mbili. Mbele, penye vioo na feni, wanakaa watu wa mlimani, kabila la Baba, ambao ndio wenye maduka yote ya barabara ile. Nyuma, kwenye uwanja wa vumbi la mbao, wanakaa watu wa bondeni, kabila la Fundi. Hao ndio wanaopiga randa, wanaojaza sponji, wanaoshona. Kila upande una lugha yake na masengenyo yake juu ya upande wa pili. Katikati kuna ukuta wenye kidirisha cha ukubwa wa sinia, na maelezo ya kazi yote hupitia hapo.

Baba ana sheria moja ambayo haina mjadala: jina la mteja halivuki ukuta. Fundi akimjua mteja, anasema, kesho mteja atamfuata fundi nyumbani, na dukani watabaki popo. Kwa hiyo kila kazi ikiingia, mtu wa kaunta anabandua jina, kisha anapitisha kidirishani maelezo matupu: kitambaa cha kijani, sponji ngumu, msasa na vanishi mikononi. Mtu huyo wa kaunta ni binti mwenyewe. Fundi alianza kumpenda akiwa anaona vidole vyake na kidevu tu, ndiyo maana akamwita Dirisha, na jina likaganda.

Mapenzi yalipokomaa, Baba aliweka neno moja: "Kabla hatujazungumza lolote, nataka nione kwa macho yangu mwanangu ataketi wapi."

Sasa Fundi, ambaye ameshona makochi ya nusu ya mji, kwao walikuwa na benchi. Benchi la mbao, refu, limechakaa mpaka linang'aa. Jumamosi jioni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anakaa na funguo za uwanja, akapata wazo. Mama yake alimkatalia katakata.

"Waje watukute tulivyo."

"Mama, ni siku moja tu."

"Siku moja ndiyo inayoaibisha."

Hakusikia. Akalileta kwa mkokoteni kochi ambalo jina la mwenyewe alikuwa halijui, kwa sababu jina lilikuwa limeshabanduliwa na mchumba wake.

Pale mlangoni Dirisha akamshika Shangazi mkono.

"Shangazi, njoo ukae huku, kuna hewa."

"Hewa nimeivuta njiani ya kutosha. Magoti yanawaka moto. Niache nikae kwenye kitu laini."

Akapita. Akageuka. Akajiachia kwenye kochi lake mwenyewe, puu!

"Aaah! Hapa sasa. Mama, hongera, una kochi zuri."

Mama wa Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. Hakumtazama.

"Asante. Karibuni."

Baba akakaa upande wa pili wa kochi, akabonyeza sponji kama mnunuzi.

"Si haba. Maana nilikuwa nimeambiwa mengine kabisa kuhusu nyumba za bondeni."

"Uliambiwa nini?" Mama akauliza, taratibu tu.

"Baba, jamani," Dirisha akaingilia.

"Niache niseme, sisi ni watu wazima. Mama, mimi ni mfanyabiashara, naongea wazi. Watu wenu ni mafundi hodari, sikatai. Lakini akiba hawana. Leo amepata, kesho hana. Watoto wetu wanamaliza shule, wenu wanaishia njiani. Sasa mwanangu nimempeleka shule mpaka chuo, nimlete huku aanze upya?"

"Na shule iko wapi?"

"Shule ipi?"

"Hiyo waliyosoma watoto wenu. Iko nyuma ya maduka yenu, si ndiyo? Ya kwetu ilikuja huyu akiwa ameshaota ndevu. Benki mkienda mnawekewa kiti. Sisi tukienda tunaulizwa nani anatufahamu. Halafu unakuja kunihesabia akiba?"

"Hakuna aliyetupa kitu bure, Mama!" Sauti ya Baba ilipanda. "Mnadhani tulishuka mlimani na maduka mgongoni? Tulikuja hapa na nguo tulizovaa. Ardhi tulinyimwa. Mliita watu wetu wachuuzi, mkatucheka. Tukauza kwa sababu hatukuwa na pa kulima!"

"Na sisi tuliuza mashamba kwa sababu ya njaa. Duka lako limesimama juu ya shamba la nani?"

 Fundi alitamani sakafu ipasuke immeze. Dirisha, yeye, hakuwa anamtazama baba yake wala mama mkwe. Alikuwa anatazama mkono wa Shangazi.

Shangazi akikasirika ana tabia moja: hupapasa mkono wa kochi, juu, pembeni, mpaka chini. Na hapo alikuwa amekasirika sawasawa. Vidole vilipita juu ya vanishi mpya, vikashuka pembeni, vikaingia chini ya ubao.

Vikasimama.

"Nyamazeni."

"Dada, bado namalizia..."

"Nimesema nyamazeni!" Akainama, akachungulia chini ya mkono wa kochi. Aliponyanyua uso, macho yalikuwa makavu na makali. "Kochi hili ni langu."

Baba akaruka kana kwamba kochi limemchoma.

"Lako?"

"Langu. Nililileta dukani kwako lishonwe upya. Uliniambia litakuwa tayari Jumatatu."

Baba alimgeukia Fundi. Alianza kwa lugha ya mlimani, maneno mawili matatu ambayo hayakuhitaji mkalimani, kisha akarudi.

"Umeniibia? Umemwibia dada yangu, halafu ukatukaribisha tukalie wizi wako?"

"Shikamoo, Mzee... hapana, samahani." Ulimi ulikuwa umemteleza. "Sikuiba. Niliazima. Kesho lingekuwa uwanjani."

"Wezi wote huazima!"

"Baba!"

"Kaa kimya wewe! Ulikuwa unajua?"

"Nimejua nilipofika mlangoni. Lakini yeye asingeweza kujua ni la nani." Dirisha akamkazia baba yake macho. "Jina nililibandua mimi. Kwa amri yako. Lingebaki, asingethubutu kuligusa."

"Sasa kosa ni langu?"

"Sijasema hivyo. Nasema amekushonea miaka mitatu, na hajawahi kujua anamshonea nani."

Mama wa Fundi akasimama. Alikuwa mfupi, lakini wakati ule alionekana mrefu kuliko wote.

"Mwanangu amekosa. Nilimwambia, akakaidi, na aibu hii ni yetu, tutaibeba. Ila na mimi nikuulize, Baba. Umekuja kuona binti yako ataketi wapi. Huyu kijana miaka yote anawatengenezea watu pa kukaa. Siku moja tu, ulishamuuliza yeye anakaa wapi?"



Shangazi alikuwa bado ameshika chini ya ubao.

"Wewe kijana. Njoo hapa. Uliandikiwa nini kuhusu mikono ya hili kochi?"

"Msasa na vanishi, Shangazi. Kote."

"Mbona huku chini hukupiga msasa?"

Fundi alikuna kichwa. "Nilianza. Halafu nikagusa alama za meno. Meno madogo, ya mtoto anayeota meno. Nikasema, huyu mtoto ni wa mtu. Huenda amekua, huenda hayupo. Nikiyafuta nitakuwa nimemfuta. Basi nikayapakia vanishi juu, nikayaacha."

"Niliagiza yasiguswe," Shangazi alisema polepole, akimtazama kaka yake. "Nilikuambia wewe, kwa mdomo wangu. Kumbe haikuvuka ukuta." Akamgeukia Fundi. "Unajua ni meno ya nani?"

"Sijui."

"Mama yake alipofariki, mtoto nilimlea mimi. Meno yalikuwa yanamtesa, analia, anang'ata kochi kama panya. Ni ya huyo hapo."

Fundi alimtazama Dirisha. Dirisha aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka bila kupanga. Miezi yote hiyo ya kupitishiana maelezo makavu ukutani, na siku moja kijana wa watu alikuwa amekaa peke yake uwanjani, akizilinda alama za meno ya mpenzi wake bila kujua ni za nani. Mimi ningekuwa pale ningelia pia, sisemi uongo.

Baba hakulia. Alichukua viatu vyake.

"Twendeni. Mambo yamekwisha."

"Kaka, kaa."

"Nikae wapi? Juu ya udanganyifu?"

"Hilo kweli," Shangazi alisema, akajiinua kwa kuugulia. "Nyie wawili, litoeni nje. Sikutoka kwangu kuja kutazama kochi langu."

Fundi akashika upande mmoja. Kabla hajaita mtu, Dirisha alikuwa ameshashika wa pili. Wakalinyanyua, wakalipitisha mlangoni kwa ubavu, wakaliweka uani juani. Waliporudi, chumba kilikuwa kimebaki na sakafu ya saruji na benchi. Shangazi alikuwa tayari ameketi bega kwa bega na Mama.

"Haya," Shangazi alisema. "Sasa tumefika nyumbani kwa watu."

Baba alibaki amesimama, viatu mkononi.

"Siketi hapo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada, unajua kwa nini. Nilipokuja mji huu nililala juu ya benchi ukumbini mwa watu. Ubavu unauma, mbu wanauma. Niliapa mtoto wangu hatajua ubao."

"Na mimi nilikuwa nalala chini ya benchi hilo hilo, ulishasahau? Ulikuwa unanidondoshea mto." Shangazi hakutabasamu. "Malizia sasa. Waambie ukumbi ulikuwa wa nani."

Baba akavigeuzageuza viatu mkononi.

"Basi nitasema mimi. Wa mtu wa bondeni. Wakati ule wao ndio waliokuwa na nyumba, na sisi ndio tuliokuwa tunaambiwa hatuna akiba."

Dirisha akaenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na Mama.

"Baba, uliuliza nitaketi wapi. Nitaketi hapa."

 Mzee akanyoosha kiganja kwa Fundi.

"Funguo za uwanja."

Fundi akatoa, akampa. Baba akavaa viatu bila kufunga kamba, akaondoka bila kuaga. Kwenye lile benchi, Mama akaushika mkono wa Dirisha.

Jumatatu asubuhi Fundi alikuwa amekaa kitandani, hana kazi, pengine hana mchumba. Dirisha alikuwa amemtumia ujumbe mmoja tu tangu jana: "Baba hasemi na mtu. Shangazi amehamia kwetu kwa muda, hasemi kwa nini. Naogopa."

Simu ikalia. Namba ya Baba. Akasimama.

"Haloo? Shikamoo, Mzee."

"Mbona uwanja umefungwa? Mafundi wamesimama nje."

"Mzee... funguo unazo wewe."

 Akasikia mtu akikohoa, na kwa mbali sauti ya Shangazi ikisema, "Si nilikuambia unazo wewe!"

"Njoo," Baba alisema, akakata.

Fundi alifika anahema. Uwanja ulikuwa umeshafunguliwa, wenzake wakipiga randa na kumtazama kwa chati. Akasimama kwenye kidirisha kama kawaida, akisubiri vidole anavyovijua. Vikaja vingine. Vinene, vyenye pete ya zamani na kucha ngumu. Vilisukuma karatasi ya kazi, halafu havikuondoka.

Fundi akasoma. Juu kabisa, mahali ambapo siku zote palikuwa pameachwa alama ya gundi tu, palikuwa na jina. Jina la Baba mwenyewe, limeandikwa kwa mwandiko mzito. Chini yake: Benchi moja. Refu. Kama lile la kwenu.

"Mzee, hujabandua jina."

"Nimeona."

"Na hizi kazi nyingine?"

"Kuanzia leo zitakuja hivyo hivyo. Mteja akinikimbia, nitajua sikuwa namtendea haki." Akanguruma kidogo. "Shangazi yenu ndiye aliyesema. Mimi nimechoka kubishana naye."

Nyuma ya mzee, Fundi alisikia mtu akicheka na kulia kwa pamoja. Angekijua kicheko kile hata kingepita kwenye ukuta mzima.

"Lakini Mzee, duka lako limejaa makochi. Benchi la nini?"

Vidole vyenye pete viligonga ubao wa kidirisha mara moja, mara mbili. Sauti ilipokuja ilikuwa ya chini, ya mtu anayeona haya.

"Mama yako akija kwangu kuzungumza mambo ya harusi, ataketi wapi?"