Mtu Nusu Katika Nyumba ya Wazee

Haya ni kweli tupu. Kama yana uongo, hata wa ukubwa wa punje ya simsim, basi aliyeyasimulia ahukumiwe na wanawake wa soko la Koboko, ambao hawajawahi kumsamehe mtu. Yeye ni mstaafu. Hana kazi nyingine ila kukumbuka, na anakumbuka vizuri sana, hasa yale ambayo hakuyaona.

Mwaka ni 1991. Natale alikuwa mwenye baiskeli pale Koboko. Asubuhi alibeba mihogo, mchana alibeba watu, jioni alibeba matusi ya mke wake kwa kuchelewa. Mke huyo aliitwa Mariam Poni. Walikuwa wamerudi kutoka ukimbizini Kongo, wakapanga chumba kimoja karibu na soko, wao na watoto watatu.

Mama yake Natale, Viktoria, alirudi pamoja nao. Alikuwa mwanamke wa maneno. Akisalimia, kuku walikimbia. Kisha siku moja akapigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ukalala: mkono, mguu na nusu ya mdomo. Mariam Poni alimwogesha na kumlisha kwa miezi minne katika chumba kile kimoja, mpaka mgongo wake mwenyewe ukaanza kulia.

Hapo wakasikia kwamba kule Manibe, nje ya mji wa Arua, kamati ya watu wema imefungua nyumba ya wazee. Ilikuwa na vitanda kumi na viwili, uji asubuhi, na walezi watatu. Natale alimpeleka mama yake, na hakuna aliyemlaumu.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Kila alipopata mzigo wa Arua, Natale alipita Manibe, na mama yake alimsengenyea nyumba nzima. Kisha walezi wawili wakaacha kazi. Akabaki mmoja, jina lake Kasimiro. Na baada ya hapo Viktoria akanyamaza.

Mara ya kwanza Natale alidhani amechoka. Mara ya pili alimkuta amegeukia ukuta, shuka imevutwa mpaka shingoni, ingawa jua lilikuwa kali. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Alimtazama mwanawe kwa jicho la kushoto, na machozi yakatoka katika jicho hilo moja tu.

Natale alinyoosha mkono kushika shuka. Kasimiro akamzuia.

"Usifunue," alisema polepole. "Mama yako iko na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Yule wa mtoni. Mtu Nusu. Upande wa kulia alichukua zamani, sasa anamalizia. Mutu akiona kazi yake, anamfuata mpaka nyumbani. Wewe una watoto."

Natale alibatizwa, na rozari ilining'inia kwenye usukani wa baiskeli yake. Lakini bibi yake alikuwa amemwambia habari za Mtu Nusu alipokuwa bado ananyonya kidole. Ana jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja, kama mtu aliyepasuliwa katikati kwa panga. Hukaa kwenye vijito. Ukimwona mbele yako, umekwisha. Na sasa mama yake alikuwa amelala pale, nusu yake imekufa, na harufu mbaya inatoka chini ya shuka. Natale alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, kisha akapanda baiskeli.

Alipofika Koboko alimweleza mke wake. Alisema amepita kwa wajomba njiani, nao wameshakubaliana: Ijumaa atapeleka kondoo kwenye kijito cha Manibe, ili Mtu Nusu ammalize mama bila kumtesa, na asiwafuate watoto. Aliyasema akitazama chini.

Mariam Poni alikuwa anamenya mihogo. Hakuacha kumenya. Aliuliza kama Kasimiro amemwona huyo mgeni kwa macho yake. Natale akasema ndiyo. Basi mbona yeye hajafuatwa, Mariam akauliza, au Mtu Nusu hapendi nyama ya Kasimiro? Kisha akaweka kisu chini na kwenda kumwita jirani yao.

Jirani huyo ni Rosa Kiden, muuguzi wa zahanati. Alikuwa ametibu watu kambini miaka yote ya ukimbizi, na hakuwa na tabia ya kushtuka. Alimsikiliza Natale mpaka mwisho. Halafu akauliza: mama hulalia upande gani? Wa kulia. Upande ule uliokufa ganzi? Ndiyo. Nani humgeuza? Natale hakujua. Harufu ni ya mkojo, au ya nyama iliyooza? Zote mbili. Umewahi kukaa naye peke yenu, bila Kasimiro kusimama mlangoni? Natale alifikiri sana, akatikisa kichwa.

"Kesho tunakwenda," Rosa alisema. "Usipeleke habari kwamba tunakuja."

"Mama Rosa, ukifunua, atakufuata wewe."

"Anifuate. Kwangu kazi iko mingi. Atanisaidia hata kwa mkono mmoja."

Walikwenda kwa baiskeli, Rosa juu ya keria, mkoba wa dawa mapajani. Safari ya Koboko mpaka Manibe ni ndefu, lakini siku hiyo upepo uliwasukuma mpaka wakalipita lori la tumbaku. Dereva wa lori anakana. Madereva hawana haya.

Walifika saa sita kamili mchana, saa ambayo kivuli cha mtu huingia chini ya miguu yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka nje. Hakukuwa na moshi jikoni. Rosa aliondoa komeo.

Ndani kulikuwa na vitanda kumi na viwili, na watu kumi na wawili, na wote walikuwa wamegeukia ukuta. Hakuna aliyekohoa. Nzi tu ndio waliokuwa wakizungumza. Juu ya dirisha kulikuwa na mtungi wa maji, mahali ambapo mkono wa mzee yeyote usingeufikia. Natale alishika mwimo wa mlango, na mguu mmoja ukabaki nje.

"Nani huko? Taja jina."

Sauti ilitoka kitanda cha karibu. Ilikuwa ya mzee Hamuza, Mnubi, askari wa zamani wa jeshi la Waingereza. Alikuwa kipofu. Rosa alijitaja, akamwamkia, akampa maji. Mzee alikunywa kikombe kizima kabla ya kushusha pumzi.

Rosa alimuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Mtu Nusu huja humu.

"Anakuja," Hamuza alisema. "Kila siku. Mimi sioni, binti yangu, lakini maskio yangu iko kwa zamu. Anamfunga yule mama mkono. Anasema, ukilia leo hakuna uji. Halafu anakwenda."

"Unajuaje kwamba ni yeye?"

"Anatembea kwa miguu mbili, na iko na funguo kiunoni. Wewe umesoma. Niambie, jini gani anabeba funguo?"

Rosa alikwenda kitanda cha Viktoria. Alimwambia kwanza atakachofanya, akangoja mpaka jicho la kushoto likakubali. Kisha akafunua shuka.

Mkono mzima, ule wa kushoto, ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitambaa kwenye ubao wa kitanda. Chini ya kitambaa ngozi ilikuwa imechubuka pande zote, kama bangili. Kanga yake ilikuwa imelowa. Mbavu zilihesabika. Na kwenye nyonga ya kulia kulikuwa na kidonda chenye ukubwa wa sahani ya pilau.

Natale alitaka kukimbia. Rosa hakugeuka, lakini alijua.

"Njoo hapa uone. Wewe ndiye mtoto."

Alikuja. Hakuna kilichomrukia. Aliona mama yake, basi.

Rosa alimweleza huku akikata kitambaa. Mtu asiyeweza kujigeuza, akilalia mahali pamoja kutwa, damu haipiti pale. Nyama inakufa kutoka ndani. Upande uliokufa ganzi hausikii maumivu, kwa hiyo yeye mwenyewe hawezi kuonya. Ndiyo maana kidonda kiko upande huo. Kijito hakina kosa. Godoro ndilo lenye kosa, na yule asiyemgeuza kila baada ya saa mbili, asiyembadilisha nguo iliyolowa, asiyempa maji.

"Na kisigino hiki cha kulia, mbona kizima?" Natale aliuliza. Ngozi ya kisigino ilikuwa nzima.

"Gusa."

Aligusa. Palikuwa na joto, na pagumu, na peusi kuliko pengine.

"Hapo ndipo kinaanzia," Rosa alisema. "Ngozi yetu nyeusi haikuoneshi wekundu. Lazima uguse."

Wakati huo funguo zikalia uani.

Natale hatasahau alichokiona. Wazee wote kumi na wawili, waliokuwa wameanza kugeuza vichwa kuwatazama wageni, walifumba macho kwa pamoja, kana kwamba mtu amezima taa. Hata Hamuza, ambaye macho hayakuwa na kazi kwake, aliyafumba. Viktoria alirudisha mkono wake mwenyewe kwenye ubao, mahali pa kitambaa, akauacha pale.

Kasimiro aliingia na udongo wa shamba lake la tumbaku miguuni. Alikuwa ametoka asubuhi. Alisema amewakataza watu kufunua, sasa wameona, shauri yao. Rosa alimuuliza kuhusu mkono. Akasema mama alianguka. Rosa akauliza kuhusu nyonga. Akasema ni panya.

"Umesikia?" Rosa alimwambia Natale. "Kwanza jini, halafu kuanguka, halafu panya. Mtu akikupa hadithi tatu kwa kidonda kimoja, funua shuka."

Natale alikunja ngumi. Rosa akamwambia aitumie kushika usukani: aende akamlete mzee Okuonzi, mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji, na mtu wa kamati. Waone wenyewe kabla kitu hakijasafishwa.

Kasimiro aliketi chini. Alisema walezi walikuwa watatu, sasa yuko peke yake, wazee kumi na wawili, na yeye ni mtu wa nyama. Alimfunga ili asianguke. Hiyo ilikuwa kweli, walau siku ya kwanza.

"Kuchoka kunapelekwa kwa kamati," Rosa alimjibu. "Hakufungwi kwenye mkono wa mtu. Na shamba la tumbaku hapo njiani, lenye udongo huo wa miguuni mwako, halina hata gugu."

Okuonzi alikuja, akaona, akaandika yote. Kasimiro alinyang'anywa funguo siku hiyo hiyo na kesi yake ikapelekwa mbele. Viktoria alichukuliwa kwa pikapu mpaka hospitali, Arua.

Kwa siku tisa hakusema neno. Natale alikaa kando ya kitanda, akimgeuza: kushoto, chali, kisha kushoto tena. Alimpa uji wa karanga kwa kijiko kidogo. Wajomba walituma salamu kuuliza habari za kondoo. Mariam Poni aliwajibu kwamba kondoo amekuwa mchuzi, mgonjwa anahitaji nyama.

Siku ya kumi Viktoria alimtazama mwanawe.

"Mbona hukufunua?" aliuliza. Maneno yalitoka nusu nusu, lakini yalifika.

Natale alisema aliogopa.

"Na mimi niliogopa," mama yake alisema. "Lakini wewe ulikuwa na baiskeli."

Natale alilia pale pale wodini, mbele za watu, na mama yake akamwacha alie.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga. Kisha wakamuuliza Viktoria anataka kukaa wapi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Alichagua kurudi Manibe, kwa sababu Koboko hakuna wa kusengenya naye mchana. Alitoa sharti moja: mwanawe aje siku ambayo hakuna anayemtazamia, aje na Mariam Poni, ambaye haamini kitu.

Nyumba yenyewe ilibadilika. Kamati iliajiri walezi wanne, na mkuu wao ni mwanamke aitwaye Madinah. Mtungi ulishushwa. Komeo la nje liling'olewa. Ndugu huingia siku yoyote, hukaa na mzee wao peke yao, hufunua shuka, na hakuna anayekasirika. Kila wiki mtu wa kamati huketi na wazee bila walezi kuwapo. Hamuza alipewa redio. Kila baada ya saa mbili, akisikia saa ikitajwa redioni, hupiga kelele kama yuko paredi: "Kushoto, geuka!" Walezi hukimbia kugeuza wasioweza, na wanaoweza hugeuka wenyewe wakimtukana.

Msimulizi wetu alikuwa akiyaeleza haya yote kwenye benchi la zahanati ya Koboko, na watu walikuwa wengi. Alipofika kwenye sahani ya pilau alionesha kwa mikono miwili. Rosa Kiden alikuwa dirishani, anasikiliza.

"Mzee," alisema, "ulikuwepo?"

Msimulizi alianza kueleza kuhusu lori la tumbaku.

"Kile kidonda juu kilikuwa kama kizibo cha soda," Rosa alisema. "Ndani ndiko kulikuwa na shimo. Sasa hawa wamekusikia. Watakwenda kwa mama zao, wataona kizibo, watasema, afadhali, bado si sahani. Na huyo mama atakufa kwa hadithi yako."

Benchi zima lilimgeukia. Wanawake wa soko walikuwemo, na walitoa hukumu bila kwenda faragha: kila Jumatano, Manibe, kugeuza wazee na kuanika magodoro, mpaka Madinah aseme inatosha.

Ameshalipa Jumatano kumi na moja. Siku ya kwanza alipewa mzee mmoja asiyeweza kusema, akaambiwa aguse kisigino chake. Ngozi ilikuwa nzima kabisa. Hakukuwa na chochote cha kusimulia. Aliweka kidole, akasikia joto na ugumu, akakiondoa upesi. Kisha akaita watu, wakamgeuza.